Joto la Odero Huenda Wapi

Benchi letu hapa Kangemi lilikuwa la kanisa. Waumini walipopata viti vya plastiki waliliuza, na Shiku akalinunua akaliweka kando ya jiko lake la kahawa, chini ya bango la mhubiri ambaye mkutano wake ulikwisha mwaka jana. Kijiwe chenyewe tunakiita Idara, kwa ajili ya Nanyama, ambaye jina lake la mtaani ni Katibu. Katibu alikuwa tarishi wizarani miaka kumi na minane, na alibeba faili nyingi hata akaanza kuamini kwamba ndiye aliyeziandika. Kulia kwake huketi Mbugua, muuza sumu ya panya, tunamwita Daktari. Kushoto huketi Muindi, Injinia, ambaye hutengeneza redio za watu na kuzirudisha zikiwa na skrubu chache kuliko zilizokuja nazo. Mimi huketi mwishoni, pale ubao ulipopasuka na unapofinya. Mvua za masika zilikuwa zimeanza, na Idara ilikuwa na ajenda moja tu: dari ya Odero.

Odero ni fundi wa paa, na ni jirani wa Katibu ukuta kwa ukuta. Mwezi wa tatu alipata kazi Spring Valley, kwa Mzee Amarjit, kwenye nyumba ya zamani ambayo juu ya dari ilitandikwa pamba ya vioo tangu enzi za babake mzee. Panya walikuwa wameitoboa, na maji yaliyovuja yalikuwa yameilowesha mpaka ikalala bapa, haizuii joto wala baridi. Odero aliing'oa yote akaitia kwenye magunia, kisha akatandika blanketi jipya la dari, lile linalong'aa upande mmoja kama karatasi ya chokoleti. Kazi ilipokwisha, Mzee Amarjit alimwambia abebe kilichobaki. Odero akaja nacho, akakipigilia chini ya mabati yake mwenyewe, akafunika kwa mbao nyembamba.

Kufikia hapo hakuna aliyejali. Kisha mvua ikanyesha.

Asiyeishi chini ya mabati matupu huenda asielewe. Mvua ikianza, kwetu mambo yote huahirishwa: sala, taarifa ya habari, hata ugomvi wa mke na mume. Watu hukaa wakitazamana midomo kama samaki. Lakini kwa Odero mvua husikika kama inamnyeshea mtu mwingine. Mimi mwenyewe nimewahi kusimama chini ya dirisha lake na mwavuli, nikijifanya natafuta netiwaki, nikisikiliza watu wakiongea humo ndani kwa sauti ya kawaida. Nilirudi kwangu nikiwa nimelowa magoti, na roho yangu haikuwa safi.

Basi katikati ya mvua hizo akaja Mama Ivyne, mama mkwe wa Katibu, kutoka Bungoma. Alikuja kliniki ya macho, siku tatu. Kwa mila yao mama mkwe halali chini ya paa la mkwe wake, wala hawashikani mikono, wala hawatazamani usoni. Kwa hiyo ilibidi atafutiwe pa kulala kwa jirani, na jirani aliyekuwa na chumba ni Odero. Odero na mkewe walimpisha chumba cha ndani. Macho yalitibiwa siku ya pili. Siku ya tatu ilipita, na ya kumi ikapita. Asubuhi ninayoisimulia ilikuwa ya kumi na saba, na hatimaye alikuwa anarudi nyumbani, na hilo ndilo lililokuwa likimla Katibu. Hakuogopa kwamba anaondoka. Aliogopa atakachokwenda kusema.

— Anaamka saa mbili, Katibu alituambia, macho kwenye kikombe. Kwao anaamka saa kumi na moja akamue. Hapa saa mbili. Juzi amepiga simu nyumbani, nikamsikia kupitia ukuta. Anasema, "Huku nalala kama niko hoteli." Mimi ndio nimeoa. Sifa ni ya Odero.

Daktari alimpa pole. Katibu akaendelea, akasema mkewe Ivyne naye jioni huchukua watoto na blanketi zao, huenda "kumwamkua mama", na hawarudi mpaka mvua iishe. Na mvua za mwaka huu, alisema, haziishi.

— Jana nimekula ugali na mvua tu. Nilikuwa natafuna na sijisikii. Mtu anaweza kufa hivyo na asijue.

Shiku akamwongezea kahawa.

Daktari ndiye aliyefungua uchunguzi. Kwa maoni yake, Odero hakuweka kitu kipya chochote. Aliweka ileile pamba kuukuu ya Spring Valley, pamoja na wakazi wake. Tangu mwezi wa tatu, alisema, sumu yake hainunuliki mtaani, na sababu ni kwamba panya wa Spring Valley wamelelewa kwa jibini. Panya wa namna hiyo akiwekewa sumu ya kawaida huinusa tu akaipita, kama mgeni wa harusi aliyepewa mukimo bila nyama.

— Na mwangalie Odero shingo, akaongeza. Jana alikuwa anajikuna. Hiyo ni pamba ya vioo. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

— Hao walikuwa mbu, Shiku akasema, akipepea jiko. Na magunia yalipakiwa kwa lori, Mzee Amarjit akiwa amesimama hapo mlangoni. Odero alinionyesha picha.

— Picha inaweza kuwa ya lori lingine.

Injinia alikuwa akingoja zamu yake huku akitikisa goti. Alisema mambo ya panya ni madogo. Jambo kubwa ni la kisayansi.

— Joto haifi, alisema. Hiyo si mimi nimesema, hiyo iko kwa vitabu. Jua inapiga mabati ya Odero. Joto inataka kuingia, inapata hiyo kitu inang'aa, inarudishwa. Sasa ikirudishwa, inaenda wapi?

— Juu, Shiku akajibu.

— Juu ndiko imetoka. Haiwezi rudi kwa jua, jua haina nafasi. Inaenda kando. Na kando ni kwa nani?

Hatukuhitaji kuambiwa. Wote tulimgeukia Katibu kama watu wanaomtazama mgonjwa baada ya daktari kutaja jina la ugonjwa.

— Saa saba mchana, Katibu akasema polepole, kwangu siagi inakuwa mafuta ya kupikia.

— Si unaona. Na sauti ni vilevile. Mvua inawanyeshea nyinyi wawili kipimo kimoja. Yeye hasikii. Ile yake imeenda wapi?

— Ndio maana yangu iko mara mbili.

— Iko mara mbili, Injinia akakubali kwa huzuni. Joto likimwagika halizoleki.

Nilijua kwamba methali ile inahusu maji. Lakini nilikuwa nimekunywa vikombe viwili, na hesabu ilikuwa imeanza kuniingia. Nyumba yangu iko upande wa pili wa Odero. Nikajiuliza kama nusu ya lile joto haikuwa haki yangu kulalamikia.

Daktari hakupenda panya wake wapitwe. Alisema huenda ule upande unaong'aa unatazama angani kwa sababu maalum, kwamba ndege za utafiti zikipita juu ya Kangemi zinaona nyumba moja tu, ya Odero, na siku serikali ikigawa kitu itaanzia pale. Injinia aliona hilo linawezekana. Katibu alitikisa kichwa. Yeye alikuwa amefika mbali zaidi.

— Nyinyi mnaangalia paa. Mimi naangalia tarehe. Alitandika dari wiki tatu kabla ya kliniki. Nani alimwambia kuna kliniki?

— Ivyne alituambia sote, Shiku akasema.

— Alijua kuna mama mkwe anakuja, na kwamba hawezi lala kwangu. Akatengeneza chumba kikanyamaza, akangoja. Huu ni mpango. Mtu anajipatia mama mkwe na hajaoa. Atabaki na heshima yangu kule Bungoma, mimi nibaki na joto yake hapa.

Kisha akatoa bahasha ya kaki. Alikuwa ameandika barua, nakala tatu, kwa mkono uleule mzuri aliojifunza kwa kusoma anwani za watu wengine. Juu kulia: KUMB. NA. KNG/DARI/1. Katikati, kwa herufi kubwa na kupigiwa mstari: YAH: UHAMISHAJI HARAMU WA JOTO NA KELELE. Ilielekezwa kwa ofisi moja ambayo sitaitaja, na iliomba dari ya Odero ing'olewe mara moja "kusubiri uchunguzi, ambao muda wake hautajulikana". Nakala ya pili ilikuwa ya wote wanaohusika. Ya tatu ilikuwa ya faili, na faili alikuwa nayo nyumbani.

Alitaka mashahidi. Alisema barua bila mashahidi ni salamu tu. Alikuwa amekwisha piga hesabu kwamba akiipeleka kabla ya saa sita, Mama Ivyne atapata habari akiwa hata hajafika Nakuru, na huko nyumbani sifa za Odero zitafika pamoja na kesi yake.

Daktari akasaini. Injinia akasaini na kuongeza "Fundi Sanifu", cheo ambacho hakuna chuo kingekikubali. Kalamu ilipofika kwangu nilikumbuka lile dirisha na magoti yangu yaliyolowa. Nikasaini.

Shiku alitazama mbali.

Hapo ndipo tulipomwona Mama Ivyne akija na njia ya juu, mwavuli mkononi, miwani mpya puani. Ivyne alikuwa ametangulia stejini na mizigo. Mama alisimama hatua kumi kutoka kwenye benchi. Katibu aliinuka, akavua kofia, akageuka ubavu akaukazia macho ukuta wa kinyozi. Mama naye aliikazia macho birika.

— Shiku mwanangu, alisema, mwambie mkwe wangu nimeshukuru. Watoto wake wana adabu.

— Katibu, unashukuriwa, Shiku akasema.

— Ninashukuru pia, Katibu aliuambia ukuta.

— Mwambie kuna jambo moja sijalielewa, na sitaki kupanda gari nalo. Nyuma ya mlango wa chumba nilicholala kuna robota la lile blanketi la dari. Zima, halijakatwa kamba. Nikamwuliza Odero, mbona hili hulitandiki? Akaniambia, mama, hilo si langu. Nimemwekea jirani yangu, mkweo; nimepima paa lake kutoka nje, linatosha. Kazi ya siku moja. Kila nikienda kumwambia, anasema ana shughuli nyingi, nije siku nyingine.

Daktari aliivuta bahasha taratibu, akaikalia.

— Sasa mimi naenda nyumbani, Mama Ivyne alisema, na baba yake Ivyne ataniuliza. Sitaki kumwambia uongo. Mwulize mkwe wangu, ana nafasi lini?

Shiku aliweka chini kipepeo cha jiko. Akamgeukia Katibu, akaurudia ujumbe neno kwa neno, kama alivyotumwa.

— Unaulizwa una nafasi lini.

Katibu aliutazama ukuta. Injinia alimtazama Katibu. Mama Ivyne alisubiri bila haraka, uso kwenye birika. Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, na kati ya wanaume wazima wanne hapakuwa na hata mmoja mwenye shughuli.