Mama Baridi na Betri Iliyogoma Mlimani

Ndugu waombolezaji, tumekuja kumsindikiza dada yetu, ambaye kazini na mtaani mlimwita Mama Baridi, na kwa kuwa hakupenda sifa zilizotiwa chumvi, tutamsimulia jinsi alivyokuwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu wa fundi redio na mshona nguo, katika vyumba viwili nyuma ya karakana ya baba, ambako kabla ya kujua kusoma alikwishajua kulamba ncha za betri kwa ulimi ili aone kama bado ina moto, tabia ambayo mama alimchapia na asiiache. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1974, sekondari mwaka 1980, akapata stashahada ya umeme mwaka 1984, na tarehe 6 Septemba 1986 akafunga ndoa na mwalimu wa hesabu, wakajaliwa binti na mwana.

Tarehe 1 Februari 1991 aliajiriwa katika kiwanda cha betri za magari, na mwaka 2004 akapewa karakana ya magari ya umeme, atengeneze betri ambayo ndani yake, badala ya kimiminika kinachoweza kushika moto, kuna tabaka gumu la kauri, betri ya kujaa upesi na kwenda mbali. Aliipenda kama mtoto wa kumzaa, hata binti yake alipoolewa, tarehe 16 Julai 2011, akashikilia kwamba bibi harusi atapanda gari la majaribio na si jingine. Asubuhi ile kulikuwa na baridi kali, na katikati ya mlima wa kwenda ukumbini gari likagoma, kwa maana baridi ikizidi umeme hupita kwa shida katika lile tabaka, jambo ambalo marehemu hakuliona kwa sababu yeye mwenyewe hakuiweza baridi, na miaka yote alifanya majaribio yake huku hita ikiwaka miguuni. Bibi harusi alivua viatu akasukuma pamoja na wapambe wake, na shangazi mmoja akauliza kwa sauti, mbona teknolojia yenyewe inatumia watu.

Marehemu alilia mbele ya wageni, akajifuta machozi, na Jumatatu yake akabeba jokofu la nyumbani kwake akalipeleka karakana, akawa anazifungia betri humo, akivaa makoti mawili, na kila iliyokufa aliipasua ajue imekufa kwa nini, huku shemeji yetu akinywa maji ya vuguvugu miaka kumi na tatu bila kulalamika, au tuseme bila kulalamika sana. Wakubwa walipotaka kulitangaza gari mapema, aliwajibu kwamba mwenye haraka aje asukume.

Novemba 2022 aligundulika kuwa na saratani ya tumbo, akaendelea na kazi kila alipopata nguvu, akiwatania madaktari kwamba sasa amekuwa betri kuukuu, anachajiwa kutwa na hajai. Alifariki Jumanne, tarehe 4 Juni 2024, saa kumi na mbili asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Aliagiza jeneza lake libebwe na gari lile lile, lenye betri ya tisa tangu ile iliyogoma, asubuhi, kwa mlima ule ule, ambao ndio njia ya kuja hapa makaburini, na gari la petroli lifuate nyuma, kwa kuwa matumaini si sababu ya kuwasukumisha watu jeneza. Leo vioo vya magari viliamka vimeganda, binti yake ndiye aliyeshika usukani, na gari limepanda. Angetukasirikia tusiposema kwamba betri hiyo bado hupoteza robo ya nguvu zake kwenye baridi, bado ni ghali, na hakuna ajuaye kama itamaliza miaka kumi barabarani.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotutunzia maziwa katika majokofu yenu miaka yote hiyo, na wafanyakazi wenzake, ambao juzi mlikuja kuuliza jokofu lirudishwe lini. Shemeji amesema libaki huko huko, kazi haijaisha.

Dada, mlima tumeupanda, na gari la petroli limefika nyuma yetu bila kazi. Pumzika kwa amani.