Brashi na Mlango Namba Saba

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, fundi wetu wa mabango, ambaye hospitali nzima inamwita Brashi, atarudisha funguo za karakana baada ya miaka thelathini na minne kazini. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, fundi seremala niliyegawana naye karakana hiyo, niandike wasifu wake. Nimekubali haraka, kabla kazi haijapewa mtu asiyejua vituko vyake.

Brashi aliajiriwa kama kibarua wa kupaka chokaa. Wakati huo vyumba vyetu vilitambulika kwa vipande vya karatasi vilivyobandikwa kwa plasta ya vidonda, na mvua ya upepo ikinyesha, nusu ya hospitali ilikuwa haina jina. Siku moja msimamizi wa majengo alimkuta ameandika neno "Maabara" ukutani kwa brashi ile ile ya chokaa, herufi zimenyooka utadhani zimepigiwa rula. Hakumgombeza. Alimnunulia brashi nyembamba na kumkabidhi ukuta mzima wa wagonjwa wa nje.

Tangu hapo mimi nilitengeneza milango, yeye akaipa majina, na ugomvi tukagawana. Vumbi la randa yangu liliangukia rangi yake mbichi. Rangi yake ikaishia kwenye suruali zangu. Kuna mshale wa kantini alioupaka kwenye mlango wa korido bila kuniuliza mlango huo unafungukia upande gani. Ukiwa umefungwa, mshale ulielekeza kantini. Ukifunguliwa, ulielekeza mochwari. Wageni kadhaa waliotoka kutafuta chai walirudi hamu imewaisha. Hadi leo Brashi anashikilia kwamba kosa ni la bawaba zangu.

Enzi hizo alizipenda herufi kubwa kupita kiasi. Aliandika KIMYA katika wodi ya wazazi kwa ukubwa uliomfanya kila aliyepita alisome kwa sauti, na watoto wakaamka. Kwa hiyo kliniki ya sonona ilipofunguliwa mlango namba saba, kazi ilimfika mwenyewe. Sonona, kwa wasioifahamu, ni ule ugonjwa wa moyo kuzama, mtu akakosa usingizi, hamu ya kula na hamu ya kuongea. Mganga mkuu wa wakati huo alitaka jina hilo lisomeke tangu getini. Aliamini kwamba jina la ugonjwa ni jina kama majina mengine, lina haki ya herufi kubwa, na watu waache kulionea haya. Brashi akaandika SONONA kwa rangi nyekundu yenye kivuli cheusi, juu ya benchi la kusubiria. Karakana nzima tulitoka kwenda kulitazama. Lilikuwa bango zuri kuliko yote aliyowahi kuandika, na alitembea wiki nzima kifua mbele.

Kisha dada yake mkubwa, mwalimu wa shule ya msingi, akaugua. Aliacha kuchana nywele, akaacha kusahihisha madaftari, akawa anakaa jikoni bila kuwasha jiko. Wazazi wao walishafariki, na dada huyu ndiye aliyemlea Brashi. Brashi alimbembeleza kwa siku nyingi hadi dada akakubali kuja kliniki. Walifika pamoja mpaka kwenye korido. Dada akainua macho, akasoma, akatazama benchi la upande wa pili alipokaa mzazi wa mwanafunzi wake, akageuka.

Brashi alimfuata hadi getini. Alichoambiwa pale alikuja kunisimulia karakana, ameketi juu ya debe la rangi: "Mdogo wangu, niache. Siwezi kukaa chini ya kitu kinachonitangaza hivyo." Dada alidhani mdogo wake bado anapaka chokaa tu, hakujua ni mkono wa nani uliokiandika. Brashi hakuthubutu kumwambia. Nilimwona rafiki yangu akiogopa kwa mara ya kwanza, kwa sababu dada yule alikuwa ameanza kusema maneno ya mtu anayeaga, na mlango pekee uliokuwa na msaada alikuwa ameufunga Brashi mwenyewe kwa uhodari wake.

Jumamosi, kliniki ikiwa imefungwa, alilifuta bango lote. Hakuomba ruhusa. Mahali pake aliandika namba 7 kubwa, ili asipotee mtu, na chini yake, kwa rangi ya buluu iliyotulia: kliniki ya sonona. Herufi ndogo zote, hata ile ya mwanzo.

Jumatatu alimrudisha dada yake. Safari hii aliketi. Akisubiri zamu yake, aliyatazama maandishi mapya na kumuuliza mdogo wake kama siku hizi wameanza kubaniwa rangi. Ulikuwa utani wake wa kwanza baada ya miezi. Brashi alirudi karakana anacheka na machozi yanamtoka, nami nikajifanya natafuta misumari.

Jumanne aliitwa ofisini. Mganga mkuu alikuwa amekasirika na barua ya onyo ilikuwa mezani. Brashi alijieleza kwamba jina la mtu huandikwa kwa herufi kubwa kwa heshima, lakini ugonjwa si mtu, ni mgeni tu aliyeingia bila hodi, wala hastahili kuandikwa kwa ukubwa kuliko mwenye nyumba. Mganga mkuu hakulegea. Aliamuru bango la zamani lirudishwe kufikia Ijumaa, la sivyo kazi hana.

Ijumaa ilipofika, Brashi alitoa taarifa kwamba rangi ya chini bado haijakauka, na huwezi kuandika juu ya rangi mbichi. Ijumaa iliyofuata, bado. Ilikuwa kiangazi, nguo zilikauka kwenye kamba kabla hujamaliza kuanika, lakini rangi ya mlango namba saba ilikuwa bado. Sote tulijua anacheza na kibarua chake, na dada yake alikuwa bado na miezi ya matibabu mbele.

Mwishowe mganga mkuu alikwenda kujionea. Benchi lilikuwa limejaa, na wengine wamesimama. Alisimama pale, akawatazama watu, akagusa rangi kwa kidole, akakitazama kidole chake kisafi. Akasema, "Kweli, bado mbichi," akaenda zake. Barua ya onyo hatukuisikia tena.

Baadaye kliniki ya kifafa iliomba iandikiwe vilevile, kisha ya kifua kikuu. Metroni naye akaagiza mbao za vitandani zibadilishwe: jina la mgonjwa kubwa juu, ugonjwa mdogo chini. Mbao nilitengeneza mimi, ingawa sifa alipewa yeye.

Dada yake alirudi darasani na kufundisha hadi alipostaafu. Siku ya sherehe atakaa mstari wa mbele. Ukweli kuhusu bango jekundu alishaambiwa zamani, na kila Brashi akijisifu mbele yake, humkumbusha.

Brashi, karakana itakuwa pana mno bila wewe. Asante kwa kila mlango, hata ule wa mshale. Nenda kapumzike, upake nyumba yako ambayo umeiahidi rangi tangu ujana wetu, na uzee ukukute na afya na vicheko.

Wiki iliyopita walikuja vijana wa kampuni ya mabango ya plastiki. Wanabadilisha milango yote, herufi kubwa tupu. Walipofika namba saba walitukuta mimi na metroni tumesimama mbele yake. Tuliwaambia warudi siku nyingine, rangi bado haijakauka.