Puli Kubwa Niliiweka Pasipo Pake

Bapapa na bamama mulioketi hapa, nasimama mbele yenu kanisani nitoe ushuhuda wangu. Kila nikikumbuka jambo hili, mwili unanisisimuka kama siku ile ile.

Wengi munanijua. Miaka kumi na moja nilipaka magurudumu mafuta kwenye atelye, karakana ya reli. Kupaka mafuta tu, ndugu zangu. Hesabu za mashine zilikaa kwa wazungu, sisi tulikaa na kitambaa mukononi. Uhuru ulipokuja, wale wakaondoka. Kisha vurugu zikaanza, njia ya reli ya Niemba ikafungika, na atelye ikafunga milango. Mbao hazikuingia tena Kalemie. Munakumbuka wenyewe: tulizika wapendwa wetu ndani ya mikeka.

Njo hapo nikasema moyoni: mimi nitapasua mbao. Mufanyabiashara mumoja, alipovuka kwenda Kigoma, aliniachia moteri yake ya kusagia mahindi. Musumeno wa muviringo, mupana kama meza ya chai, niliuokota kwenye vyuma vilivyotupwa. Shemeji yangu, mume wa dada yangu, akanisaidia kujenga meza ya miti migumu karibu na muto Lukuga.

Ikabaki kazi moja: kuunganisha moteri na musumeno. Kwa wasiojua, moteri ina puli, yaani gurudumu la chuma. Musumeno nao una ya kwake. Mukanda unazizunguka zote mbili, moja inavuta nyingine. Nilikuwa na puli mbili, moja kubwa mara mbili ya mwenzake.

Shemeji akauliza, "Kubwa tunaiweka wapi?"

Nikamujibu bila kufikiri, "Kwenye moteri. Mwenye nguvu avae kikubwa."

"Tuulize kwanza muntu anayejua."

Nikacheka. "Mimi nimekaa atelye miaka kumi na moja. Wewe umekaa wapi?"

Ndugu zangu, nawaambia, neno lile bado linaniuma.

Mukanda wenyewe ulikuwa wa ngozi, mwembamba, umeungwaungwa. Tukawasha moteri asubuhi, jua limeshapanda. Musumeno ukaanza kuzunguka, kisha ukaanza kulia. Sauti ikapanda, ikapanda, hata meno yake hayakuonekana tena. Meza yote ikatetemeka. Shemeji akapiga kelele, "Zima!" Mukono wangu haujafika, mukanda ukakatika. Sikuuona ukiruka. Nilisikia mulio kama wa bunduki, na shemeji alikuwa chini, mukono wake wa kuume umevunjika mahali pawili.

Nilimubeba hadi hospitali. Baada ya hapo sikwenda kumuona tena. Ndiyo, musiniangalie hivyo, nasema ukweli. Haya ilinifunga miguu. Dada yangu akipita barabara hii, mimi napita ile. Mashine nikaifunika majani. Hata kanisani niliacha kuja. Ningeinua namna gani mikono miwili mizima mbele ya Mungu?

Majuma sita yakapita. Siku moja dada yangu akaja mwenyewe, akasimama mulangoni.

"Mume wangu anakuita."

"Anataka kunitukana?"

"Sijui. Vaa shati, twende."

Nikamukuta kitandani, mukono umefungwa kwenye vijiti. Sikuweza kumutazama usoni. Nikapiga magoti. "Shemeji, unihurumie."

"Hayo yalikwisha zamani. Inuka. Nimekuita uone kitu." Akamugeukia dada. "Mama, shona."

Dada ana cherehani ya kukanyaga kwa miguu. Akakanyaga.

"Tazama magurudumu," shemeji akasema. "Majuma sita nimelala hapa, sina kingine cha kutazama."

Akamuomba dada afunge uzi mwekundu kwenye gurudumu kubwa la chini, na mwingine kwenye lile dogo la juu, halafu azungushe kwa mukono, polepole. La chini likazunguka mara moja. La juu: moja, mbili, tatu, na ya nne ikakaribia kutimia.

"Umeona?" Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Kubwa ikivuta ndogo, ndogo inakimbia. Ni vizuri kwa sindano. Lakini sisi tuliufanya musumeno uwe sindano."

Nywele zilinisimama. Miaka kumi na moja nilikuwa naipaka mafuta sheria hii, na sikuiona! Mungu aliiweka katika kila kitu cha muviringo, hata katika chumba cha dada yangu, na aliyenifungulia macho ni yule niliyemuvunja mukono. Nililia, ndugu zangu, wala si kwa huzuni. Nilikuwa kama muntu aliyeingizwa nyumba kubwa mno, hajui aweke muguu wapi.

Tukageuza. Puli ndogo ikakaa kwenye moteri, kubwa kwenye musumeno. Kutoboa upya tundu la katikati la kila puli, liingie kwenye chuma chake kipya, kulitutoa jasho wiki tatu. Ule mukanda wa ngozi tukauacha. Papa mumoja alitubebea kwa baiskeli kutoka Manono kipande cha mukanda wa mupira, mupana kama kiganja, kutoka ule uliokuwa unabeba mawe ya mine, yaani mugodi. Tukaukaza kiasi tu, na kila muntu nikamuambia asimame mbali na njia yake.

Tulipowasha, musumeno ukavuma sauti moja nzito, kama nyuki ndani ya muzinga. Gogo la kwanza likaingia. Ubao ukaachana nalo taratibu, mwekundu, una maji bado, na ndani yake mistari ambayo jicho la muntu halikuwahi kuiona tangu muti uote. Shemeji akavua kofia.

Namushukuru Mungu. Namushukuru dada yangu, aliyenifuata wakati mimi namukimbia. Nawashukuru wauguzi, na yule Papa wa Manono.

Ninalowaachia ni dogo: uliza. Na kama umemuumiza mwenzako, nenda mapema ukae karibu na kitanda chake. Mimi nilikawia majuma sita, na kumbe jibu langu lilikuwa limelala pale muda wote. Mukono wake haukunyooka sawasawa hadi leo. Yuko pale nyuma, karibu na dirisha.

Shemeji, simama wakuone.