Mwalimu Sidonia na Hesabu za Mkono Mmoja

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Mwalimu Sidonia Chidawali anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha, kumi na tisa kati yake hapa kwetu Kizota. Kabla ya hapo alikuwa Haneti, kwao. Karibu muda wote amefundisha Hisabati darasa la tatu, na mara mbili alikataa kuwa mwalimu mkuu msaidizi kwa sababu kazi hiyo ingemtoa darasani. Chai anakunywa bila sukari, na anawasema wanaoweka vijiko vitatu.

Mwandishi wa wasifu huu ni mwalimu wa taaluma, na lazima akiri: mwaka 2016, kwa miezi miwili, nilimshuku.

Ilianza siku Yotham, fundi wa kuchomelea mageti hapa mtaani, alipoingia ofisini na daftari la binti yake Erica. Ukurasani kulikuwa na 4 + 3 = 12, na chini yake 3 + 2 = 10. Zote zimewekewa vema kwa wino mwekundu.

"Mimi napima chuma, Mwalimu," alisema kwa upole. "Nikijumlisha hivi, geti halifungi."

Nilidhani Sidonia anasahihisha bila kusoma. Nikakusanya madaftari ya darasa zima kwa kisingizio cha ukaguzi. Yote arobaini na mawili yalikuwa na majibu yale yale. Watoto arobaini na wawili hawakosei kwa kufanana, kwa hiyo nikaamini anawapa majibu, tena mabovu. Nikaanza kupita dirishani kwake kila kipindi. Kila aliponiona, alifuta ubao. Hilo likanimaliza. Nikaandika barua ya kupendekeza aondolewe darasa la tatu.

Mwalimu mkuu hakuisaini. Alimwita Yotham, akatuketisha wawili nyuma ya darasa. Sidonia hakujitetea. Alimpa Erica chaki.

Erica alinyoosha vidole vinne mkono mmoja na vitatu mkono wa pili, kisha akahamisha kimoja, mkono wa kwanza ukajaa. Akaandika 12 ubaoni.

"Baba, hapa tukifika tano tunafunga mkono," alisema. "Saba ni mkono mmoja, vimebaki vidole viwili. Hii moja ni mkono. Hii mbili ni vidole."

"Na hii kumi?" Yotham aliuliza, akionyesha 10 ya daftarini.

"Siyo kumi, baba. Ni mkono mmoja, hakuna kidole kilichobaki. Sifuri inashika nafasi. Tukiifuta, moja itaonekana ni kidole."

"Na kumi yetu ya kila siku?"

"Hiyo tunasubiri mikono yote miwili ijae."

Ndipo Sidonia akaeleza. Mwanzoni mwa mwaka aliwaambia watoto waandike mia moja na tano, zaidi ya nusu wakaandika 1005. Kwao tarakimu ilikuwa picha tu. Hawakujua kwamba nafasi inamokaa ndiyo inayoipa thamani. Alitaka waione hiyo nafasi kwa idadi ndogo kwanza, inayotosha mkononi.

Yotham hakuridhika kabisa. Alitaka kujua mtoto akiandika vile dukani itakuwaje. Sidonia alikubali kwamba kosa ni lake: hakuweka kichwa cha habari. Kuanzia kesho yake, kila ukurasa wa namna ile uliandikwa juu "Hesabu za mkono".

Kuhusu kufuta ubao, aliniambia alijua nitaingia kuuliza, na hakuwa na muda wa kufundisha madarasa mawili kwa wakati mmoja.

Mtihani wa mwisho wa mwaka ule hakuna aliyeandika 1005. Karatasi nilizipekua mwenyewe, mara mbili. Kisha nilimsomea barua yangu mpaka mwisho. Alisikiliza, akasema, "Tarehe umekosea."

Kuanzia Julai darasa la tatu nalichukua mimi; niliomba mwenyewe. Wiki iliyopita Sidonia alikaa nyuma akinitazama nikifundisha, kalamu mkononi, asiandike neno. Alipotoka alisema tu, "Haya." Mpaka leo sijajua maana yake.

Mwalimu Sidonia, tunakushukuru kwa watoto wote uliowafumbua macho, na kwa sisi wakubwa wachache. Nenda Haneti salama. Mvua zikufikie kwa wakati, alizeti yako istawi, na ustaafu wako uwe mrefu na wenye afya.