Jenereta Anatafuta Kimya

Benchi letu liko mbele ya kibanda changu cha cherehani. Nasema "letu" kwa sababu nimechoka kubishana. Mbao ni zangu, misumari ni yangu, na hata birika la kahawa ni langu. Wenzangu huleta midomo tu. Jioni ile walikuwepo watatu wa siku zote: Koki, fundi bomba, ambaye hajawahi kuona tatizo lisilotaka tangi, Spana, fundi magari, ambaye nimempiga marufuku kugusa kitambaa chochote cheupe, na Mheshimiwa, aliyegombea ukatibu wa klabu ya mpira akaukosa, ila hotuba akabaki nazo. Mimi wananiita Mkasi, eti kwa sababu ya kazi yangu. Ndipo akaja Jenereta na mfuko kifuani. Huyu ni kijana wa duka la kuchapisha mabango, na jina hilo alipewa na mtaa mzima. Kila jioni akiwasha kompyuta yake ya kuchezea gemu, feni zake hunguruma mpaka mpangaji mgeni anatoka nje kutazama kama umeme umekatika.

Jenereta: Wakubwa zangu, shikamooni.

Spana: Marahaba. Mbona umekumbatia huo mfuko utadhani una mayai?

Jenereta: Nina shida, na muda sina. Mama mtoto anarudi.

Hapo sote tukashangilia. Mkewe alikwenda kujifungulia kwa mama yake, na huyu bwana hajambeba mwanawe hata mara moja, anamwona kwenye simu tu. Mheshimiwa alishasimama kutoa pongezi, Jenereta akamkalisha kwa mkono.

Jenereta: Anarudi kwa sharti. Kaniambia, "Mimi na mtoto tukiingia humo ndani, nikasikia ile mashine inanguruma, tunageuza na mabegi yetu." Chumba chenyewe mnakijua, ni kimoja. Kitanda kiko hapa, kompyuta iko pale.

Koki: Si uiuze?

Jenereta: Kaka, sinywi, sivuti, sizururi. Natoka kazini, nacheza gemu langu, nalala. Mke wangu hajasema niiache. Kasema inyamaze.

Mimi: Na mama mkwe anasemaje?

Akashusha sauti.

Jenereta: Hajui kitu. Mke wangu kanisitiri. Yule mama akijua kuwa bintiye alikuwa hapati usingizi kwa ajili ya gemu, mjukuu hatoki kwake ng'o. Hamumjui nyinyi.

Akafungua mfuko. Jamani, nilisogea mwenyewe bila kuitwa. Kulikuwa na kipande cha shaba kilichosuguliwa kikang'aa, pampu inayoenea kiganjani, radieta nyembamba, feni pana, na mabomba laini unayoweza kuona ndani yake.

Jenereta: Nataka kuipoza kwa maji. Nimesoma, nimetazama video mpaka macho yakauma. Lakini ndiyo mara yangu ya kwanza, naogopa.

Mheshimiwa: Kompyuta? Kwa maji? Kijana, unataka kuipoza au unataka kutuzika?

Jenereta: Maji hayagusi umeme, mzee wangu. Prosesa, ule ubongo wa kompyuta, ndiyo inayochemka. Hii shaba inakaa juu yake. Maji yanapita ndani ya shaba, yanabeba lile joto, yanalipeleka kwenye radieta. Hapo feni pana zinapuliza taratibu, maji yanapoa, yanarudi. Kelele ya sasa ni ya feni ndogo inayokimbia kwa nguvu zake zote. Na haya yote yanaingia humo humo ndani ya kisanduku cha kompyuta. Hakuna kinachotoka nje.

Spana: Sasa hiyo si injini? Hiyo ni injini, bwana! Unatia maji gani?

Jenereta: Yasiyo na chumvi. Kama yale ya kuongezea kwenye betri.

Spana: Huyu ana akili, mwacheni aseme.

Koki: Hapo kapatia. Haya ya bombani yanaacha ukoko. Nimefungua mabomba mimi, nikakuta kidole hakipiti.

Mimi: Na yakivuja?

Jenereta: Kuna namna ya kujaribu. Unawasha pampu peke yake, kompyuta yenyewe imezimwa. Chini ya kila kiungio unaweka tishu. Unakaa unatazama. Tishu ikilowa, umemjua mwizi.

Nikaipenda hiyo. Ningekuwa na tishu ya kunionyesha wapi suruali itafumuka, nisingegombana na wateja.

Mheshimiwa: Ndugu wajumbe, jambo hili tulichore.

Hiyo ndiyo kawaida ya benchi letu, na chaki inayoisha ni yangu. Nikatoa kipande cha kitambaa cheusi kilichobaki kwenye suruali ya watu, nikakitandaza benchini, kila mtu akashika ncha. Jenereta akanitajia vipimo vya chumba, nikavipunguza kichwani, nikachora kuta kwa mkono wangu, mistari imenyooka. Nikaweka mlango, dirisha, kitanda. Jenereta akachora kisanduku kidogo pembeni ya kitanda.

Jenereta: Basi. Swali langu ni moja tu. Radieta niifunge juu ya kisanduku au mbele?

Angeuliza kwa mtu mwingine, angejibiwa akaenda zake.

Spana: Hii radieta? Hii ni ya kupozea uji wa mgonjwa. Gereji nina ya lori, nzima kabisa. Tunaiegemeza hapa ukutani.

Akachora ya lori. Ikala ukuta mzima wa dirisha.

Jenereta: Lakini kaka, kisanduku...

Koki: Kisanduku achana nacho. Shida yako ni kelele, si ndiyo? Basi pampu nayo ina kelele. Pampu yoyote huimba, hata iwe ndogo vipi. Toa pampu.

Jenereta: Maji yatatembeaje?

Koki: Tangi! Tunalipandisha huku karibu na dari, juu ya stendi ya chuma. Maji yanashuka yenyewe, kimya, hata sisimizi hasikii. Hapa chini tangi la pili la kuyapokea.

Spana: Na kutoka chini kurudi juu?

Koki akanywa kahawa yake yote kwanza.

Koki: Ndoo.

Mimi: Ndoo?

Koki: Anacheza, akiona moto umezidi, anasimama, anapanda na ndoo. Vijana wa siku hizi wanakaa sana, mgongo utamnyooka.

Tulicheka mpaka Spana akamwaga kahawa, na nashukuru ilimwagikia nguo zake. Ila Jenereta hakucheka. Alikuwa anatazama lile tangi la juu kwa macho ya mtu anayefikiria kweli. Kijana akipaniki huwa anakubali chochote.

Jenereta: Na nitajuaje kama maji ya chini yamepata moto?

Mheshimiwa: Samaki.

Sote tukamgeukia.

Mheshimiwa: Msinitolee macho. Tangi la chini tunatia samaki. Samaki akizunguka kwa raha zake, endelea na gemu. Akianza kuja juu kutafuta hewa, punguza. Akilala ubavu, zima haraka.

Spana: Na akifa?

Mheshimiwa: Amekufa akilitumikia taifa.

Koki: Samaki atachafua maji. Itabidi kichujio. Kichujio kinataka kikae hapa, mlangoni. Na maji ya moto tusiyapoteze, tunayapeleka nje na bomba hili mkewe aogee.

Mheshimiwa: Hapo mmefika nusu. Ardhini ni baridi mwaka mzima, kweli si kweli? Tuchimbe chini ya kitanda, tuzungushe mabomba huko, tufukie. Radieta ni ardhi yenyewe!

Spana: Radieta yangu haitoki.

Mheshimiwa: Basi zote mbili. Na kitanda kisogezwe mlangoni wakati wa kuchimba.

Chaki ikapokezana mikono mpaka ikabaki kipande cha kushikwa kwa kucha. Kitambaa chote kikawa cheupe: matangi, stendi, kichujio, shimo, mabomba yamekatizana. Na mimi nisijitoe, nilichora samaki, na alitoka vizuri. Kile kisanduku cha Jenereta sikukiona tena.

Hatukumsikia mtu akija. Tulisikia tu Jenereta ameruka kama aliyekalia sindano.

Jenereta: Mama! Shikamoo, mama!

Alikuwa mama mmoja mnene kiasi, begi begani, kigodoro cha mtoto kimekunjwa chini ya kwapa na chandarua chake kidogo mkononi. Hata asiyeambiwa angejua huyu ndiye mama mkwe.

Mama Mkwe: Marahaba, baba. Wenyewe wanakuja kesho. Nimetangulia kuandaa chumba. Hamjambo, wazee?

Tukamwamkia kwa pamoja kama darasa. Yeye macho yalishatua kwenye kitambaa.

Mama Mkwe: Na hiki ni nini?

Koki akakohoa. Spana akaanza kufuta mikono isiyofutika. Mheshimiwa, badala ya kunyamaza siku moja tu maishani mwake, akasimama.

Mheshimiwa: Mama yetu, ni ramani ya chumba. Tulikuwa tunampangia mjukuu wako pa kukaa.

Mama Mkwe: Mungu awape umri! Wanaume kukaa kumpangia mtoto chumba, sijapata kuona.

Akaweka begi chini, akainama. Kidole chake kikaingia mlangoni, kikagonga kichujio. Kikaenda kitandani, kikakuta shimo. Kikapanda dirishani, kukawa na radieta ya lori. Alikwenda polepole, kwa hamu kabisa, kama mtu anayetafuta jina la ndugu yake kwenye tangazo.

Mama Mkwe: Kitanda nimekiona. Samaki nimemwona. Mjukuu wangu yuko wapi?

Nakwambieni, vichwa vyote viliinama juu ya kile kitambaa. Tukatafuta. Tulitafuta kweli, kwa moyo, kila mtu akisogeza kidole chake, na hapakuwa na mahali pa kuweka hata nepi.

Mheshimiwa: Huyu hapa! Pembeni hapa, nafasi safi, imezunguka chumba chote. Godoro linaingia vizuri.

Mimi ndiye niliyejua, na nilitamani nisijue.

Mimi: Hapo hapafai.

Mheshimiwa: Kwa nini? Pako wazi.

Mimi: Hiyo ni nafasi ya mshono.

Koki: Ya nini?

Mimi: Ya mshono! Mkono umezoea, nifanyeje? Nikikata kitu lazima niongeze nafasi ya kushonea. Hapo ni nje ya ukuta. Ukimlaza hapo, umemlaza uani.

Mama hakucheka. Alikikumbatia kile kigodoro akamtazama mkwewe, na yule kijana, tangu nimjue, ndiyo mara ya kwanza nilimwona ameamua jambo. Alipiga goti mbele ya benchi langu, akakunja kiganja, akaanza kufuta. Radieta ya lori ikaondoka. Shimo likaondoka. Samaki wangu akaondoka, na roho iliniuma.

Koki: Jenereta, tangi langu usiliguse! Jenereta, nisikilize, we Jenereta!

Likafutwa na stendi yake. Kikabaki kitanda, mlango na dirisha. Akaniomba ile chembe ya chaki, akachora kwanza mstatili mdogo kando ya kitanda, mbali na dirisha.

Jenereta: Mtoto ni hapa, mama.

Mama Mkwe: Hapo sawa. Upepo haumpigi.

Baadaye akachora kile kisanduku chake cha mwanzo, pembe ya mbali, kidogo, kila kitu ndani. Nafasi ilitosha na kubaki. Tulikuwa tumemzungusha jioni nzima kumrudisha alipoanzia.

Mama Mkwe: Na haka?

Jenereta: Kompyuta yangu, mama. Naiwekea vifaa vipya usiku huu.

Mama Mkwe: Haina makelele? Mtoto mchanga huyo. Na mama yake mwenyewe alikuja kwangu macho mekundu, nikimuuliza anasema ni mimba. Nataka alale.

Jenereta: Hutaisikia, mama. Ukiisikia, naitoa mwenyewe mpaka barabarani.

Aliyasema kwa sauti iliyotulia, na mimi nilimwamini. Mama naye akaridhika. Akabeba begi, Spana akataka kumpokea, mama akaiona mikono yake, akakataa kwa upole. Akapiga hatua chache kuelekea nyumbani, sote tukashusha pumzi. Akasimama, akageuka, uso wake mkunjufu kabisa, anataka kujua tu.

Mama Mkwe: Baba, samahani. Huyu bwana wa mabomba amekuita Jenereta. Kwa nini wanakuita Jenereta?

Koki akatazama mawinguni. Spana akagundua msumari kwenye benchi. Mheshimiwa, mwenye hotuba ya kila jambo, akainama kufunga kamba za viatu. Jenereta alibaki amepiga goti, mfuko wake umemkaa kifuani, akanitazama mimi. Nikachukua birika haraka nimkaribishe mama kikombe, angalau tupate muda. Nililiinamisha mpaka mwisho, halikutoa hata tone.