Sanduku la Sahihi za Moskva

Wapendwa mliokuja kulia nasi hapa mtaani Bertrams, familia inawaeleza mzee Ignace alikuwa nani, na haitaficha kilichomuuma.

Alizaliwa Uvira tarehe 14 Machi 1949, akasoma kwa mapadri hadi vita vya 1964 vilipomvusha ziwa kwenda Kigoma, na mwaka 1969 akapata nafasi ya kusomea ufundi wa mitambo Moskva. Huko ndiko alikoanza kukusanya mabango ya Mei Mosi, kadi za mikutano ya chama na picha za viongozi, kila kimoja kikiwa na sahihi ya kiongozi mwenyewe, kwa kuwa alikuwa akisimama kwenye theluji milangoni mwa kumbi hadi wakubwa watoke. Kando yake alisimama Lungile, mkimbizi wa Afrika Kusini aliyelala naye chumba kimoja, wakizungumza Kiswahili ambacho Lungile alijifunza Morogoro.

Alifunga ndoa na mama Jeannine mjini Kalemie tarehe 8 Agosti 1981, wakajaliwa Hénock na Jocelyne, na vita vilipowafukuza mwaka 2001 wakafika Johannesburg, ambako shahada yake ilikataliwa, akabaki kutengeneza cherehani kule Malvern, barabara ya Jules.

Juni 2017 Lungile, ambaye sasa ni mtu mkubwa, alikuja nyumbani kwetu kwa mara ya kwanza, akala nasi, akaazima sanduku zima la vitu hivyo vya Moskva kwa maonyesho ya miaka mia ya mapinduzi ya Urusi. Tarehe 7 Novemba mzee alivaa suti, akaenda na mkewe, akakuta vitu vyake nyuma ya kioo, na chini pameandikwa kuwa ni mkusanyo wa Lungile. Alimwendea akasema, "Ndugu yangu, umesahau jina langu," naye Lungile, mbele ya wageni wake, akamjibu kwa Kiingereza, lugha ambayo hawakuwahi kuongea wao kwa wao, kwamba wasio na mwaliko wazungumze na mlinzi.

Mzee alikwenda kudai mara nyingi, hakupokelewa. Februari 2019 kiharusi kilimlaza, na hata mdomo ulipopinda aliendelea kumwuliza mkewe kama sanduku limeletwa, hadi mama Jeannine, aliyechoka kusema hapana, akamwambia, "Limeletwa, liko uvunguni." Alitulia, akafariki mchana wa tarehe 3 Juni.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika, na mafundi wa barabara ya Jules waliofunga maduka leo. Shada alilotuma Lungile liko nje ya geti kwa agizo la mjane, tunaomba asiliingize mtu.

Pumzika sasa, Baba Hénock, umedai vya kutosha.