Reli ya Saa Nne

Sikilizeni, wanangu, na mtu asinikatize, maana pumzi niliyobaki nayo haitoshi kuzima kibatari. Habari ya binti yangu Nekoye kuacha shule sikusimuliwa na mtu. Nilikuwepo mimi mwenyewe, Makokha, nyapara wa maua ya pareto, mlangoni pa darasa, nikaona kwa macho haya mawili mwalimu Kipketer akifuta jina lake kwa wino mwekundu kama damu ya jogoo wa Krismasi, na kalamu ikalia mpaka mbwa wa Dundori yote wakaitikia.

Cheka tu, Joash. Kichwa kikubwa ulirithi kwangu; kilichomo ndani sijui ulirithi kwa nani.

Ile reli ya kengele niliyoining'iniza kwenye mti wa mtarakwa tulipokuja kutoka Kimilili mnaijua. Nikiigonga mimi, flamingo wa Nakuru walikuwa wanaruka wote kwa pamoja na treni inapiga breki stesheni. Reli moja, kazi mbili: asubuhi nagonga mara tatu, watoto waingie darasani, saa nne, umande ukishakauka, nagonga mfululizo, watu waende kuchuma, maana ua moja lenye maji linaozesha gunia zima. Lakini saa nne ndiyo saa mtoto anaanza kuelewa.

Zamani mlio huo wa saa nne ulikuwa wa watu wazima. Halafu mwaka wa hamsini na tatu, vita vya Mau Mau, malori ya serikali yakaja kuchukua jirani zetu Wakikuyu, wote, hata Mugure aliyekaa dawati moja na Nekoye, akapanda amekumbatia kibao chake cha kuandikia. Pareto ikabaki nyeupe mlima mzima. Mzungu mwenye shamba akaniambia, Makokha, tafuta mikono. Nikachungulia darasani, nikaona mikono sitini.

Mtoto haachi shule siku moja, Joash, hapo nisikie vizuri. Jumatatu anatoka saa nne, anakosa kitu kidogo. Jumatano anakosa kingine kinachokaa juu ya kile. Mwezi ukiisha anarudi, anakuta wenzake wamevuka ukurasa asioujua, anawekwa na wadogo, magoti yake yanagonga dawati, wanamcheka. Hapo hata umfukuze na fimbo, haendi. Watu watasema ni uvivu, watasema ni msichana. Ni aibu, mwanangu. Aibu inafunga shule kuliko kufuli.

Huyu Nekoye, akiwa na miaka kumi na moja, alikuwa anasomea kambi nzima barua zao. Mimi nilisoma nikafika herufi M, nikaona zilizobaki zinafanana, nikaacha. Leo ana mtoto mgongoni, na juzi kanisani nilimwona ameshika kitabu cha nyimbo, anafuata midomo ya wenzake.

Sasa unyapara ni wako, Joash, na binti yako Milcah, miaka tisa tu, Jumatatu mbili zimepita namsikia kwenye pareto badala ya darasani. Namsikia tu. Mimi niliyekuwa nabeba gunia kwa meno, leo mkono hauinuki kufukuza nzi. Jana nilikuomba umrudishe, ukanijibu Bwana hataki maneno, na tena ni mimi niliyeanzisha. Kweli. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Basi shikeni hii. Ng'ombe mwekundu ni wa Nekoye, msibishane. Koti langu la mvua ni la Joash, likimbana tumbo asinilaumu. Reli iachie shule, Joash. Watu wazima uwaite kwa filimbi, na watoto wachume saa nane, wakishatoka. Ua la saa nane ni lile lile la saa nne, halina miguu. Milcah mrudishe Jumatatu hii, kabla hajajua kuona haya, na umwombe mwalimu amketishe na rika lake.

Mbona unatazama miguu yako? Haya. Siwezi kukushika shingo. Chuma cha kugongea kiko hapa chini ya mto, mpeni Nekoye. Najua, chuma kingine kinaokotwa popote.

Nipeni maji kidogo. Inatosha.

Mungu awalinde, awape wajukuu wenye vichwa vya kawaida. Mshikane mikono. Msinililie sana, mtaharibu maua.

Nekoye, sogea. Karibu zaidi. Mficha uchi hazai. Ule wino mwekundu haukuwepo. Mwalimu hakufuta kitu. Alikuja hapa mara tatu kuomba urudi, akaniambia, "Mzee, reli yako inafundisha kuliko mimi." Wewe ulikuwa unalia urudi, na mimi nilitaka mtoto wa nyapara aonekane mbele, wengine wasinung'unike. Nikatafuta neno la kukunyamazisha.

Lakini mlangoni nilikuwepo, hilo si uongo. Nikishagonga tatu za asubuhi, nasimama pale. Mwalimu alikuwa anaita jina lako. Kila siku, mpaka mwaka ukaisha. Anaita... anangoja kidogo... halafu anaita la mwingine.